Hesabu ya Nyuma ya Mlango

Mama hakuandika namba hata moja.
Alichora mistari kwa kipande cha kaa
nyuma ya mlango wa jikoni, Mtambwe:
mstari mmoja kwa kila pishi ya karafuu
aliyoshuka nayo baba mkarafuuni.
Mistari minne wima, wa tano ukailalia
kama mtu aliyechoka.
"Hilo tita moja la kuni," akasema.
"Matita mawili, kumi. Usiguse."

Sikuwa nimetimia miaka mitano.

Usiku tulilizunguka jamvi kuchambua,
karafuu huku, makonyo kule,
vidole vikinuka mpaka ndotoni.
Dada Salhina alikwenda kasi kama cherehani.
Mimi nilipewa kopo la maziwa lisilo mfuniko,
ndicho kibaba changu,
nikijaza, nikimimina, nikijaza.
Vibaba viwili vikamezwa na kisaga.
Visaga viwili vikamezwa na pishi.
Pishi haikushiba.
Hakuna aliyeniambia kuwa hilo ni somo.
Waliniambia tu: usimwage.

Bibi yangu, Bi Mgeni, alishona mkeka ukumbini.
Alificha miyaa kiganjani, akauliza:
"Shufwa au witiri?"
Nikikosea, nilimtungia uzi kwenye shazia.
Nikipatia, nilimtungia uzi kwenye shazia
vilevile,
maana tundu lile macho yake yalikwisha kuliaga.

Ikaja siku ya vipande vitano vya ng'onda.
Watu sita.
Mama aligawa upesi upesi,
mkono ukaruka mahali pake
kama pale hapakaliwi na mtu.
Nikahesabu tena kwa sauti, kipande kwa mtu, kipande kwa mtu,
nilipofika sita nikamgusa goti.
Baba akaacha kutafuna.
Akakikata chake katikati, akausogeza upande mkubwa
bila kumtazama mtu.
Tangu siku hiyo mama aligawa
akiwa amenipa mgongo.

Msimu ulipokaribia kwisha,
asubuhi ya kwenda kulipwa,
Faki, aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama dede,
aliuegemea ule mlango kwa viganja vyote viwili
akacheka, akateleza chini taratibu,
na mistari ikateremka naye.

Mama aliketi palepale kizingitini.
Baba akasema thelathini na tano.
Ami Shaame akasema, zaidi, ndugu yangu, zaidi.
Nami nilikuwa nakula muhogo.
"Matita saba," nikasema, "na kuni tatu.
Ya mwisho imepinda.
Mama aliichora siku siafu alipomuuma unyayoni."

Walitazamana.
Mama akaugeuza unyayo wake, akauangalia,
kama kwamba jibu limeandikwa pale.

Baba alinibeba mabegani mpaka kwa msimamizi.
Daftari lake lilisema thelathini na tatu.
"Mtoto huyu anasema matita saba na kuni tatu,"
baba akaeleza,
na watu waliokaa juu ya magunia wakacheka,
wakacheka zaidi waliposikia habari ya siafu.

Msimamizi aliinama, kalamu sikioni,
akanong'ona kwa utamu wa mtu anayetega:
"Haya, mwanahesabu. Mbili na mbili, ngapi?"

Nilinyamaza.
Sikuwahi kuzikutana namba zikiwa tupu,
hazina ng'onda, hazina kopo,
hazina mtu wa kumgusa goti.
Nikaona aibu kwa ajili yake,
mtu mzima, hata hajamaliza kuuliza.

"Mbili nini?" nikamwambia.

Kicheko kilikatika kwenye magunia.
Msimamizi akalamba kidole,
akarudi nyuma kurasa mbili, tatu,
akaanza kusoma upya,
midomo ikicheza.

Nyumbani, mlango ulikuwa na viganja viwili vyeusi,
vidole kumi, kimoja hakikukamilika.
Mama hakuvifuta.
Msimu uliofuata alichukua kaa jipya,
akaanza tita la kwanza kando yake,
juu kidogo,
Faki asipofika.